Daktari Ngoga na Krimu ya Ubelgiji

Ngoga alikuwa kwa Yasmina, fundi cherehani wa Mbugangari, akisubiri suruali yake itiwe kiraka mahali ambapo mtu mwenye heshima zake hapaswi kuwa na kiraka. Ndiyo maana alikaa nyuma ya pazia, amejifunga kitenge cha kuazima, na wanawake waliokuwa mbele walishamsahau.

"Mi ile krimu ya kliniki inanichafulia nguo," Mukankusi, muuza samaki wa Rubona, alikuwa akisema. "Lakini inasaidia. Mbele nilikuwa nakojoa pilipili."

"Mi natumia kidonge kidogo," Yasmina akajibu. "Unakiingiza kule chini usiku, unalala. Wiki mbili kila siku, kisha mara mbili kwa wiki. Hakichafui kitu. Infirmière, yule muuguzi wa kliniki, alisema iko na pete pia, inakaa ndani miezi tatu, lakini huku haipatikani."

"Na kinafanya kazi?"

"Pole pole. We jiangalie tu kila wiki kama kuunguza kunapungua."

Mwanamume mwingine angeziba masikio. Ngoga aliona soko. Kwamba hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hupungua na uke hukauka, hilo alilielewa nusu, na nusu ilikuwa ikimtosha siku zote. Kilichomvutia ni jambo jingine: mteja wa dawa kama hiyo, ukimtapeli, atakwenda kushitaki wapi, na ataanzia neno gani?

Muda si mrefu akawa Daktari Ngoga. Koti jeupe alilipata kwenye mitumba. Mfukoni lilikuwa limetariziwa jina la bucha moja ya Ulaya, akalifunika kwa kalamu. Dawa aliipika nyumbani mkewe akiwa shambani Cyanzarwe: mafuta ya mgando, marashi kidogo, na mnanaa ili mtu ahisi kuna kitu kinatendeka.

"Bon, mama," alimnong'oneza Mukankusi bandarini, kwa sauti ya mtu aliyesoma mpaka akachoka. "Hizi za famasi zinachukua wiki nyingi. Hii ya Ubelgiji, usiku mumoja tu."

Mukankusi akanunua. Wenzake wakanunua. Ngoga akaanza kuwapima majirani homa kwa macho.

Kosa lake lilikuwa moja: alidhani aibu waliyokuwa nayo wanawake mbele yake walikuwa nayo pia wao kwa wao. Mwezi haujaisha, Mukankusi alirudi kwa Yasmina akitembea kwa uangalifu.

"Yote imerudi. Na juu yake inawasha."

"Ulibadilisha nini?"

"Niliacha ile ya infirmière, nikachukua ya Daktari Ngoga."

Yasmina akasimamisha cherehani. "Mi sikubadilisha, na niko sawa. Donc shida haiko kwako. Huyo Ngoga, ni murefu, anaongea kama redio?"

"Ndiye."

"Nimemushonea suruali. Tumuite."

Wakamtumia ujumbe mtamu: wanawake ni wengi, alete vikopo vyote, awafundishe. Ngoga akamwaga akiba yake yote katika mafuta ya mgando. Aliingia chumba cha ushirika wa wauza samaki akakikuta kimejaa mpaka mlangoni.

"Daktari," Yasmina akaanza kwa heshima, "tutajuaje kama dawa inafanya kazi?"

"Mutasikia baridi."

"Baridi ya nini?"

"Ya kupona."



"Na mwenye aliwahi kuugua kansa ya matiti, anaruhusiwa?" Mukankusi akauliza. "Infirmière alituuliza hiyo mbele ya yote."

Ngoga akageuza kikopo kana kwamba jibu limeandikwa chini yake. Ndipo nyuma akasimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani. Alikuwa Uwimpuhwe, mke wake.

"Daktari," alisema bila kupandisha sauti, "niko na bwana. Mwaka muzima namwambia naumia, ananijibu nimezeeka, nilale. Jirani akanipatia dawa yako. Leo hata kukaa siwezi. Nifanye nini?"

Ngoga alikuwa na neno kwa kila mtu mjini, polisi wakiwemo. Sasa alivua koti jeupe, akalikunja.

"Uiache," alisema. "Ni mafuta ya mgando. Niliipika kwenye sufuria yetu. Kesho twende kliniki."

Vikopo vilibaki kwa wanawake. Mukankusi aliviuza kwa wavuvi kama mafuta ya visigino, akiwaambia wazi ni mafuta ya visigino, na kila aliyetapeliwa akarudishiwa chake. Ngoga hakurudishiwa kitu.

Huko kliniki, muuguzi alimpima Uwimpuhwe, akamuuliza maswali yote, akamweleza krimu na kidonge. Uwimpuhwe akachagua kidonge. "Inaweza kuchukua hata miezi mitatu," muuguzi akamwambia Ngoga. "Mvumilie, na asibebeshwe kazi ngumu mpaka atulie."

Ngoga, kwa mara ya kwanza maishani, alifuata maelekezo ya dawa. Kila Jumapili aliuliza, "Inaendaje?" Kila Jumapili akajibiwa, "Bado kidogo." Basi akachota maji, akafua, akamenya viazi mpaka vidole vyake vikakunjamana.

"Na kidonge chako?" Yasmina alimuuliza Uwimpuhwe siku moja dukani.

"Kilinituliza zamani. Mwezi wa kwanza haukuisha, nikapona."

"Bwana anajua?"

Uwimpuhwe alinyoosha miguu, akaegemea ukuta.

"Namwambia 'bado kidogo'," alisema. "Wiki hii anajifunza kutwanga majani ya muhogo, apike isombe."