Kazi ya Wakili kwa Njia ya Ukwe

Wananchi wote wa Malaba na Busia wanatangaziwa kwamba tatizo la wanasheria kukosa kazi mpakani limekwisha. Limemalizwa na Kamati ya Ajira za Wanasheria, chini ya mwenyekiti wake, Mzee Ochom. Mimi ndiye ninayeipikia Kamati chai, kwa hiyo naweza kusema: tulifanya kazi kubwa.

Zamani mambo yalikuwa ovyo. Kijana alisomea sheria Dar es Salaam, akarudi akidhani kwamba kazi ya sheria hupewa anayejua sheria. Mfano ni Wabwire wa Matayos. Alishinda kwenye benchi letu nje ya ofisi ya Kamati na suti ya sufu juani, mataniboi wa malori wakimpigia mluzi: "Wakili wa benchi! Kesi ya nzi imefika wapi?" Nafasi ilikuwa moja tu, ya mwanasheria wa Kamati, na mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ameipata.

Mzee Ochom akamwita ndani.

"Kijana, unatafuta kazi namna gani?"

"Nina shahada, mzee."

"Shahada kaionyeshe ng'ombe. Nauliza, hapa wewe ni ndugu ya nani?"

"Sina ndugu hapa, mzee."

"Sasa nitaajirije mtu asiye na mtu? Nina binti, Petronilla. Umemwona?"

"Nimemsikia, mzee."

"Basi muoe, uanze kazi."

Huo ndio Mkakati wa Ukwe, na nchi nyingine zinaweza kuuiga bila kutuomba ruhusa. Wabwire akaoa. Ng'ombe wa mahari wakapelekwa Chakol, nyumbani kwa Mzee, naye akapewa meza na kiti. Kamati ilifurahi. Mwenyekiti alifurahi zaidi, maana nyumbani kwake mahindi ya Uganda huingia bila kibali, na ni vizuri sheria ikae ndani ya familia.

Kisha polisi wakayapata mahindi. Yalikuwa chini ya kitanda cha mke wa Mzee, Mama Petronilla, basi akashtakiwa yeye.

"Wabwire!" Mzee akaita. "Kesho utasimama kortini Busia umtetee mama."

Wabwire akajibu: "Mzee, siwezi. Ni mama mkwe."

Kwetu, awe Mteso awe Msamia, mwanamume haingii chumba alimo mama mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani. Jambo hilo Kamati haikuwa imelijadili.

"Usipomtetea, kazi huna!" akasema Mzee.

Kesho yake Wabwire alifika kortini, ila alisimama nje, nyuma ya ukuta, akaanza kutetea kupitia dirishani.

"Mheshimiwa, mshtakiwa ni mama mwaminifu..."

"Nani huyo anaongea?" akauliza hakimu.

"Wakili, mheshimiwa."

"Ingia ndani."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Mama mkwe yumo."

Hakimu aliamuru dirisha lifungwe.

Mzee Ochom akainuka. "Wacheni tu. Sheria ni mdomo, na mdomo ninao. Mheshimiwa, huyu mama mnamwonea bure. Anajua nini kuhusu biashara? Mahindi ni yangu! Lori nilikodi mimi. Hata yule askari wa kizuizi ni mimi huongea naye. Mama alikuwa amelala tu juu ya kitanda!"

Mzee akaketi, akajipangusa jasho kama mtu aliyeshinda.

Na kweli alishinda. Hakimu alimwachilia Mama Petronilla papo hapo, akaamuru mume aingie kizimbani mahali pake.

"Una wakili, mzee?"

"Ninaye! Tena sasa anaweza kuingia. Mwiteni Wabwire!"

Lakini wakati huo Mama Petronilla ndio alikuwa anatoka mlangoni. Wabwire alimwona, akafanya inavyompasa mkwe mwenye adabu. Alikimbia. Watu walimwona akivuka kizuizi kuingia Uganda, koti likipepea. Kurudi hakuweza, kwa sababu mama mkwe naye alishika njia hiyohiyo, akienda kumpa dada yake habari njema.

Kamati inampongeza Wabwire kwa heshima aliyoonyesha. Kazi yake bado anayo, maana aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza hayupo ofisini.

Mzee Ochom alijitetea mwenyewe, kwa sauti na kwa kirefu. Kila alipoanza hoja mpya, mwendesha mashtaka alimwomba aseme polepole, ili karani asipitwe na neno.