Bomba za Mbele na Safari ya Sajini Fadlalla

Kibra, Jumatatu, 14 Mei 1951
Sharti limetolewa! Mzee Fadlalla, sajini mstaafu wa jeshi la KAR na baba yake Mabruka, mchumba wangu, anataka nimpakie kwenye pikipiki Jumamosi hadi Kawangware na kumrudisha. Akirudi mzima, harusi itafungwa kabla ya Ramadhani. La sivyo, Mabruka ataozwa binamu yake wa Bombo, Uganda, mwenye duka na meno yote.

Nikakubali papo hapo. Kisha nikaenda kuitazama pikipiki. Yaani! Bomba mbili zinazoshika gurudumu la mbele zimeliwa na kutu. Oili inachuruzika hadi kwenye breki. Pikipiki yenyewe inasujudu kila ikiona shimo.

Jumanne, 15 Mei
Kwa Waithaka, fundi wa Kawangware. Kapitisha ukucha kwenye bomba, katikisa kichwa kama daktari. Zimekwisha, alisema. Anazo nyingine nzuri, za pikipiki iliyokufa, na atanipa bure. Bure! Ila kwanza nimwombe radhi mbele ya wateja wake, kwa vile mwaka jana nilitangaza sokoni kwamba yeye ni fundi wa baiskeli tu.

Nimwombe radhi? Mimi? Nimerudi Kibra nikiisukuma.

Jumatano, 16 Mei
Nimezigeuza bomba ili upande ulioliwa uangalie nyuma. Nani atainama kutazama nyuma? Oili ya kutia ndani yake haikuwepo, nikajaza mafuta ya simsim ya Mama. Nilipofika msikitini yote yalikuwa yameshukia breki. Haikushika, ila ilinukia vizuri sana. Ukuta ndio ulionisimamisha.

Mama akauliza ni nani aliyemaliza mafuta. Nikamwambia paka. Hatuna paka.

Alhamisi, 17 Mei
Nimepata! Kitanda cha chuma cha Mabruka kiko chumbani kwa Mama, kimefunikwa shuka, kinangoja siku ya harusi. Kwetu kitanda cha bibi harusi hubebwa na akina mama mchana kweupe, kwa ngoma na vigelegele, Kibra nzima ikikikagua. Lakini shuka halitolewi kabla ya siku yenyewe. Nikapima miguu ya upande wa kichwa. Unene uleule wa bomba za pikipiki! Nikakata miwili, nikasimamisha mianzi mahali pake, nikaipaka rangi ya kijani. Maua ya dhahabu yaliyochorwa kwenye chuma yalikataa kutoka hata kwa msasa. Si kitu. Vumbi litayafunika.

Jumamosi, 19 Mei
Mzee kapanda na tarbushi yake na nishani zote. Mpaka Riruta alikuwa akiimba nyimbo za kambini. Nikaanza kuchagua majina ya watoto.

Kisha mtaro. Bomba zikajikunja zote mbili, gurudumu likaingia chini ya injini, na sajini akaruka hadi kwenye viazi vya watu. Na wapi? Mbele ya kibanda cha Waithaka! Kawangware yote ilikuwa na nafasi ya kuangukia!

Waithaka akazifuta bomba kwa kitambaa. Maua ya dhahabu. "Mzee, hii si pikipiki," akasema. "Hiki ni kitanda."

Mzee alikitambua. Alikichagua mwenyewe dukani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akasema yeye ni mtu wa haki: kesho nimwombe fundi radhi, nipewe bomba nzuri, kitanda kiungwe, na harusi ipo. Nikishindwa, Bombo. Akaondoka juu ya keria ya baiskeli ya Waithaka, akichechemea hata akiwa amekaa.

Jumapili, 20 Mei
Mabruka kamtuma Mama: ni neno moja tu, Abdelkarim, liseme. Amelia. Nami nampenda, jamani, nampenda mno! Nikaenda.

Waithaka alikuwa ameshawapangia wateja viti. Akaniuliza kwa upole kama yeye ni fundi. Nikajibu naam, fundi kweli, na uniwie radhi. Watu wakapiga makofi. Ningenyamaza hapo! Lakini alitabasamu. Tabasamu lile! Nikaongeza: wa baiskeli.

Jumatatu, 21 Mei
Mabruka anaondoka leo kwa treni ya Uganda. Moyo unaniuma. Mama amekwenda stesheni kumuaga. Hasemi nami.

Nimekaa nikafikiri sana, na kosa langu nimeliona wazi. Bomba za kitanda kile zilikuwa nyembamba mno. Cha Mama ni cha zamani, chuma kizito hasa. Nikikata sasa hivi, treni nitaiwahi.