Picha Ndogo, Ukuta Mkubwa

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Likizo imeanza na mimi tayari niko hatarini.

Papa Mumbere, yule wa Butembo mwenye duka la jumla kwenye kona ya avenue yetu, amepaka ukuta wake chokaa. Mweupe kama jino. Jana baada ya misa alitangaza kwamba kijana mmoja wa hapa atapewa ukuta ule mpaka shule ifunguliwe, abandike picha zake, soko lote lizione. Ataamua Jumamosi.

Ninautaka ukuta ule kuliko diploma.

Mama alisikia. Mama husikia kila kitu. Alisema nikiupata ukuta, ataniacha nichore likizo nzima bila neno. Nikiukosa, naenda Yanonge kwa tantine Augustine, dada ya papa, kukausha samaki. Eti: "Moshi itakufungua macho."

Nina shida mbili. Kwanza, picha zangu ni ndogo. Nazichora kwenye vipande vya makasha ya sabuni, ukubwa wa kiganja. Pili, nina haya. Mtu akinitazama, mkono unaganda. Kwa hiyo nachora watu waliolala tu. Ninaye kijana wa toleka, amelala juu ya baiskeli yake, kwenye kiti cha abiria, miguu hewani. Ninaye mama wa kwanga, yule muuza mikate ya muhogo, amelala mkono juu ya kwanga zake kana kwamba mtu atamwibia ndotoni. Ninaye padri pia, lakini ile siwezi kuionyesha.

Shida ya tatu (nilisema mbili, kumbe ni tatu): Gédéon. Tuko darasa moja. Anachora simba. Simba tu, kwenye shuka la kitanda. Jimbo letu zima la Tshopo halina simba, lakini kila mtu anamwambia wake ni wa kweli kabisa. Mimi ananiita Mademoiselle Timbre, kwa sababu eti picha zangu unaweza kuzilamba na kuzibandika juu ya bahasha. Nilimpatia jibu kali sana. Lilinijia jioni, nikiosha sahani.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Mpango! Papa Mumbere ndiye jaji. Jaji akijiona ukutani, ukuta atampa nani? Ni logique. Nitamchora yeye mwenyewe.

Nilienda dukani mchana, saa ambayo joto humshinda. Nikajifanya nachagua sabuni. Akalala kwenye kiti chake cha plastiki, kichwa nyuma, mdomo umefungwa vizuri, mikono imekunjwa juu ya tumbo. Mtu mzuri wa kuchora! Inzi alimtembea kwenye paji la uso, hakusogea. Nilichora kama sijawahi kuchora. Kope, vidole, kola ya shati, vyote.

Nilipomaliza akafungua macho, akauliza nataka nini. Nikasema kiberiti. Sijui kwa nini. Kila nikiingia duka lile na kuulizwa, nasema kiberiti. Mama ameanza kuniangalia kama mtu anayetaka kuchoma nyumba.

Nilimwonyesha Dady, mdogo wangu. Akasema ni Papa Mumbere kabisa, mpaka unaogopa. Leo nitalala vizuri.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Jaribio. Nilibandika picha kwenye mlango wetu, nikamtuma Dady avuke njia. Nikamwuliza anaona nini. Akasema: "Uchafu." Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia vizuri. Akasema: "Uchafu wenye kona."

Mchana Gédéon akapita na simba wake. Shuka lilibebwa na toleka mbili sambamba, moja imeshika kichwa, nyingine mkia, yeye katikati akitembea kama askofu. Watu walipiga makofi. Aliponiona akapaza sauti: "Timbre! Nipe adrese, nikutumie barua!" Wote wakacheka. Hata mama wa kwanga, ambaye nimemchora kwa upendo.

Na mimi nikacheka. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Papa Mumbere amefunga duka! Amevuka mto kwenda Lubunga pamoja na mke wake, mama Fortunée, kwa ubatizo wa mjukuu. Simu ameiacha kwa fundi. Watarudi Jumamosi asubuhi, na hapo Gédéon atakunjua simba wake. Donc kesho ukuta uko wazi siku nzima na mwenyewe hayupo. Akishuka kwenye pirogi atajikuta ukutani kabla simba hajatokeza hata sikio.

Inabaki ule udogo. Nimefikiri mpaka sombe ikaungua sufuriani. Bon. Picha yenyewe haiwezi kukua, lakini kinachoizunguka kinaweza. Fremu: nina skochi nyeusi ya mafundi wa umeme, pana, inaonekana toka mbali. Halafu majani ya mchikichi. Askofu alipotembelea parokia, avenue nzima ilipangwa majani ya mchikichi, na watu walikuwa na furaha ajabu. Tawi moja refu kushoto, moja kulia, Papa Mumbere katikati.

Chini nimeandika kwa herufi nzuri, lugha mbili, kama tulivyofundishwa: "Papa Mumbere, baba yetu sisi wote. Notre cher papa Mumbere." Gédéon chini ya simba wake ameandika SIMBA tu. Na mshale.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, asubuhi

Nimebandika kabla watu hawajaamka, kwa sababu ya haya. Sasa nimejificha nyuma ya magunia ya makala ya kupikia ya jirani. Naandika papa hapa.

Wa kwanza: mama wa kwanga. Alisimama. Akatua beseni. Akajishika mdomo! Mbele ya simba sijaona mtu akijishika mdomo.

Kijana wa toleka ameshuka kwenye baiskeli na kuvua kofia. Kofia! Kwa mchoro!

Sasa wako wengi. Mama mmoja amekaa chini kwenye vumbi na analia. Machozi ya kweli. Profesa wetu wa Kifaransa alituambia sanaa ya kweli inagusa moyo, sikumwamini. Namwomba msamaha.

Ijumaa, jioni

Si sanaa.

Dady alinikuta nyuma ya makala. Akaniuliza kama nimesikia Papa Mumbere amekufa. Nikasema sijasikia. Akasema pirogi imezama, kila mtu anajua. Duka limefungwa, simu haipatikani, na picha ya marehemu iko pale ukutani, macho yamefungwa, na majani ya matanga pande zote mbili. Akanitazama. Akatazama skochi nyeusi mkononi mwangu. "Yaya, dada yangu," akasema, "ile picha si yako?"

Majani ya matanga. Mimi nilifikiria askofu tu! Nimepita mbele ya matanga mangapi hapa mjini, picha ya mtu kando ya njia, majani kushoto na kulia? Nilikuwa natazama viatu vya watu.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Lakini ilibidi kusema mbele ya umati mzima, wote wakinitazama mimi, na kabla sijatoa sauti mama mmoja akanipa viti nibebe. Nikabeba. Halafu maji. Halafu walikosa mtu wa kufunga kamba ya turubai, na mimi ni mrefu. Jioni ilipofika nilikuwa nimesimamisha matanga karibu peke yangu. Asubuhi pirogi iliyozama ilikuwa moja, mchana zikawa mbili. Walitumwa vijana Lubunga kutafuta mwili. Hawajarudi. Nasikia kule kuna ubatizo mzuri.

Mama alileta sufuria ya maharagwe. Aliponiona na viti kichwani alisema sasa naanza kukomaa. Alisema kwa upole! Nikabeba vingine.

Gédéon naye alikuja, bila shuka. Aliitazama picha muda mrefu. Akauliza wamama ni nani amechora vizuri hivi, pengine ni mtu wa Kinshasa. Siku ya kwanza katika maisha yangu kusifiwa na yeye! Na sikuweza kujibu!

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Papa Mumbere amefufuka.

Ilikuwa hivi. Tonton Amuri, mwenye duka la ng'ambo ya njia, ambaye hamsalimii Papa Mumbere tangu wagombanie nafasi ya benchi, alisimama kutoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa ndugu yake wa moyo. Alisema mizani yake haikudanganya hata mtoto. Alisema sukari yake ilikuwa nyeupe kuliko ya wote, hata kuliko yake yeye Amuri. Watu wakalia upya.

Wakati huo mama Fortunée akatokea toka kivukoni, beseni la mihogo kichwani. Akaona turubai. Akaona majani. Akaona picha ya mume wake. Beseni likaanguka, akapiga yowe, akajitupa chini, wamama wakamshika huku na huku. Papa Mumbere alikuwa nyuma yake kidogo, amebeba kuku. Akamwuliza: "Fortunée, unalilia nani?"

"Nalilia njo wewe, Mumbere! Umekufa!"

Akatazama picha. Akatazama kuku. Akauliza tangu lini.

Watu walikimbia kwa njia zote. Kijana wa toleka aliacha baiskeli yake na kukimbia kwa miguu. Mama yangu alikimbia na mwiko. Tonton Amuri peke yake alibaki, kwa sababu ya goti lake, amesimama na karatasi mkononi. Papa Mumbere akavuta kiti (nilikibeba mimi), akaketi, akampakata kuku, akasema: "Endelea, Amuri. Ulifika kwa sukari."

Akaendelea. Angefanya nini?

Mama Fortunée alipoona kweli mume wake ni mzima, alifurahi kidogo tu, halafu akakasirika. Amelia bure mbele ya watu, nguo imejaa vumbi, mihogo iko chini ya miguu ya kila mtu. Akauliza ni nani amefanya hivi. Halafu Dady, mdogo wangu, damu yangu, niliyempa nusu ya beignet, andazi langu la pekee, juzi, akanyoosha kidole.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Hukumu ilifanyika kwetu, uani, mbele ya papa na mama. Papa Mumbere hakupiga kelele. Alikuwa ameishika picha yangu kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika kifaranga. Alisema imefanana naye kabisa. Alisema hata mpiga picha wa harusi yake hakumpata hivyo.

"Lakini, binti yangu, tangu jana watu wanaingia kwa duka, wananigusa mukono kwanza, kisha njo wanaomba chumvi." Bibi mmoja alimwomba awasalimie wazazi wake walio kaburini. Mfanyabiashara hawezi kuishi hivyo. Kwa hiyo ukuta ni wa Gédéon. "Simba yake iko kama mbuzi ya mugonjwa. Lakini iko macho wazi."

Akaniuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo. Nilitaka kumweleza juu ya haya yangu, na kiganja, na askofu, na kwamba kwa siku moja picha yangu ilitazamwa na watu wengi kuliko simba wote wa dunia. Nikatazama viatu vyake. Nikasema: "Kiberiti."

Mama alifumba macho.

Papa Mumbere aliomba abaki na picha. Ataiweka ndani ya droo, wateja wasiione. Droo! Kisha mama akaingia ndani, nikasikia anapanga nguo zangu kwenye mfuko. Nilijaribu kulia kidogo ili anihurumie. Akasema nitunze machozi, Yanonge nitayahitaji.

Alhamisi, tarehe 17 Julai, Yanonge

Moshi. Nawageuza samaki toka asubuhi, upande huu, upande ule. Tantine Augustine ni mwema, ila anaongea bila kuvuta pumzi. Huku hakuna mtandao, kwa hiyo nimelazimika kufikiri.

Nimefikiri vizuri. Nimeliona kosa langu. Sikukosea kuchora. Papa Mumbere mwenyewe alisema nimempata, na Gédéon alisema Kinshasa, Dady ni shahidi. Kosa lilikuwa majani, basi. Majani tu!

Na nimeona kitu. Kapela ya hapa ina mlango mpana wa mbao safi, mtupu kabisa, unatazama mto. Anayeutunza ni katekista, Papa Sadrack, mtu ambaye mama anamheshimu kuliko daktari. Akimwandikia mama maneno mawili tu, kwamba mtoto huyu aachwe achore, kesho yake napanda boti kurudi Kisangani. Jana alisinzia kwenye benchi wakati wanakwaya wanajifunza wimbo, chali, mikono kifuani. Nimempata mpaka ndevu. Leo asubuhi amesafiri kwenda Isangi kwa mkutano, atarudi Jumapili na boti ya asubuhi, wakati watu wote wako kapelani.

Picha ni ndogo, ndiyo. Lakini mara hii nimekuwa na akili. Jani hata moja sitaweka. Nitaweka mishumaa miwili tu, mmoja kushoto, mmoja kulia, na nitaiwasha mapema, ili watu wamwone toka mtoni.