Mji Niliodai Nimekaa

Ijumaa, tarehe 14

Tumevuka mpaka asubuhi, mimi na Kinyozi. Basi lina viti vya kuvunja mgongo na dirisha lisilofungika. Hali yangu ni njema. Hali ya siri yangu ni njema vilevile.

Siri yenyewe: sijawahi kukanyaga mji huu. Lakini mtaani kwetu kila mtu anajua nilikaa huku enzi za ujana. Anajua kwa sababu nilimwambia. Wa kulaumiwa ni jirani yangu Fundi Bomba, ambaye alisafiri nje mara moja tu, na tangu hapo hawezi kukaza koki ya mtu bila kusimulia safari. Siku moja dukani kwa Kinyozi uzalendo ukanishinda. Nikasema wengine hatukupita tu huko nje, tulikaa. Watu wakageuza shingo. Raha iliyoje! Nikaongeza mitaa. Nikaongeza na mchumba aliyelia stendi.

Kinyozi akameza yote. Huyu ni mtu asiyeweza kumdanganya hata mteja mwenye upara. Mkewe alifariki, watoto hawakujaliwa, na siku ya mapumziko hufagia duka ambalo tayari ni safi. Aliniomba nimtembeze mji wangu wikiendi hii. Tukakubaliana: nauli yake, ujuzi wangu.

Ujuzi wangu ni kalenda iliyotundikwa dukani ninakouza rangi. Ina mnara wa saa, daraja na makumbusho. Nimeikariri.

Tumeshuka mchana. Manyunyu. Watu wa huku wanaongea kama sisi, ila wanavuta neno la mwisho kama hawataki liondoke. Nikatangulia kwa mwendo wa mwenyeji. Mnara wa saa haukuonekana. Tukazunguka mpaka nikaishiwa kona. Ili kununua muda nikaonyesha kibanda chochote, nikamwambia Kinyozi kwamba hapo ndipo nilipokuwa nikinunua mkate kila asubuhi.

Mwenye kibanda akatoka. Mama wa makamo, unga mpaka kwenye viwiko. Akanitazama, akasema bila kushtuka:

"Umerudi. Mkate wako nimekuwekea."

Akanipa mkate. Wa moto. Hakutaka hela.

Kinyozi alinitazama kama mtu anayetazama ikulu. Nilijikausha kama sijashangaa. Nikasema watu wa hapa hawasahau. Bahati ya mtende! Mama yule hana macho mazuri, au kuna mtu wa sura yangu. Vyovyote vile, mkate ni mkate.

Gesti mambo yakawa mazito kidogo. Bwana wa mapokezi alikataa kutupa chumba. Alisema haoni sababu ya mtu mwenye kwao kulala gesti, na Mama atasikia vibaya. Nikauliza mama yupi. Akacheka kwa adabu, kama nimetania. Mwishowe alitupa funguo, lakini alisema ni kwa leo tu.

Kinyozi amelala. Nimekula mkate wote peke yangu. Ulikuwa mtamu kwa namna ninayoikumbuka, na sijui naikumbuka kutoka wapi.

Jumamosi, tarehe 15

Mpango wa leo: kutumia bahati mpaka ikatike.

Mwanzo mzuri. Makumbusho tuliingia bure. Mlinzi alinisabahi kwa mikono miwili na kuniambia kiti changu bado kipo. Kipo kweli, kona ya chumba cha wanyama waliojazwa pamba, mbele ya swala mwenye jicho moja. Nimekaa. Kimeniweka sawasawa, kimebonyea pale ninapobonyea mimi. Kinyozi akauliza kwa nini nilipenda kukaa hapa. Nikafungua mdomo nitunge kitu, mdomo ukajibu wenyewe: mvua ikinyesha, paa la hapa halina kelele.

Manyunyu yakageuka mvua. Tukasikiliza. Paa halikuwa na kelele.

Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Nikapendekeza twende darajani. Njiani watu walinipisha. Si kwa heshima hasa. Kama unavyopisha jeneza, kwa upole, huku ukitazama pembeni.

Darajani mwanamke mwenye mwavuli alinishika mkono na kusema Mama ameshapika, twende. Nilisema nina mgeni. Akasema mgeni naye anakula. Alijitambulisha kwa Kinyozi kuwa ni dada yangu. Mimi sina dada. Nina kaka, na hatuongei kwa sababu ya kabati.

Nyumba ni ya ghorofa, geti la kijani. Mimi ni mtu wa rangi, siwezi kukosea: kijani hicho kimepakwa juu ya kijani hichohicho, mara nyingi mno, mpaka bawaba zimenenepa. Ukumbi wa kuingilia ni giza. Mkono wangu ukaenda ukutani na kuwasha taa. Swichi iko chini, nyuma ya mlango, mahali ambapo fundi yeyote mwenye akili asingeiweka. Kinyozi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakika nilikaa huku.

Mama ni mzee wa umbo dogo, mwenye mikono ya joto. Aliona nimelowa, akanivika koti la kahawia lililokuwa kwenye ndoano. Limenikaa kama nimepimwa. Meza ilikuwa ndefu, imejaa watu: dada, shemeji, mjomba asiyesikia, mashangazi. Hakuna aliyeuliza nilikuwa wapi. Walisogea tu, nikakaa.

Ukutani kuna picha za wanaume. Mmoja mrefu, mmoja ana upara, mmoja ana miwani, mmoja ni mweupe wa nywele. Hawafanani hata kidogo. Ila wote wamevaa koti la kahawia. Mwisho wa safu kuna msumari mtupu.

Nikauliza kwa heshima hao ni kina nani. Mama akasema ni mwanawe.

Nikauliza ni yupi.

"Wote," alisema, akanipakulia supu.

Baada ya chakula nilimfuata jikoni kusaidia vyombo, yaani kutafuta mlango wa nyuma. Alikuwa akinisubiri na kitambaa mkononi. Alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. Alisema anajua mimi si wake. Aliyemzaa ni mmoja tu. Alitoka asubuhi kwenda kazini akiwa na miaka ishirini na kitu, hakurudi. Nyumba ikawa haikaliki. Kisha siku moja akapita mgeni barabarani, anajigamba kwa wenzake kwamba aliwahi kukaa mji huu. Ilikuwa uongo. Mama alimsikia, akamkaribisha ndani.

"Huku kwetu hatumbishii mtu," aliniambia. "Ukisema umekaa hapa, basi umekaa."

Nikauliza yule mgeni alikwenda wapi baadaye.

"Hakwenda. Alizeeka, tukamzika vizuri. Akaja mwingine."

Nikauliza kama hakuna aliyewahi kuondoka. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema aliyeondoka ni yule wa kwanza peke yake.

Tumepewa chumba cha juu. Ngazi ya nne inalia, nikairuka kabla sijaikanyaga. Nimejaribu kukumbuka mlango wa nyumbani kwangu una rangi gani. Niliupaka mwenyewe. Mimi, muuza rangi! Sikumbuki. Ninachokumbuka ni kuanguka kutoka kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba hii nikiwa mdogo, na dada akinipuliza goti.

Kesho tunaondoka. Hata kwa miguu.

Jumapili, tarehe 16

Nimeamka na mpango. Mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga.

Sikuona haja ya kutoroka, watanifuata tu. Lakini kama wanachotaka ni mtu aliyewahi kukaa hapa, na kama huku hawambishii mtu, basi wapewe mtu. Nitatangaza kwamba nilikuwa natania, aliyekaa hapa ni Kinyozi, mimi ni msindikizaji. Kinyozi atasema ndiyo. Wakishatulia, atapita mlango wa nyuma, tutakutana stendi kabla ya basi la adhuhuri. Kwa kuwa yeye hana kipaji cha uongo, nitampa neno moja tu la kusema.

Nilimpata uani. Alikuwa ameomba mkasi, anamnyoa mjomba asiyesikia. Mashangazi wamezunguka na vikombe vya chai, wanasifu. Mmoja alimshikia taulo. Mwingine alimuuliza kama analala vizuri. Nilimvuta pembeni, nikamweleza kila kitu: kalenda, mchumba wa kubuni, picha za ukutani, maneno ya jikoni. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu kama kweli sikuwahi kukaa hapa. Nikasema kamwe. Akasema alianza kuhisi, maana usiku nilikuwa nalia kama mgeni.

Sikujua kwamba nililia.

Akakubali mpango. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Mezani, wakati wa chai, nikasimama na kutangaza. Nilitangaza vizuri. Nilivua koti katikati ya sentensi. Mashangazi waliacha kutafuna. Mama akamgeukia Kinyozi, akamtazama usoni kwa muda, kisha akamuuliza kama aliwahi kukaa hapa.

Kinyozi hakusema neno nililompa. Alitazama ile meza. Alimtazama mjomba, aliyekuwa akijipapasa kichwa chake kipya na kutabasamu. Dada alikuwa ameshampakia mkate siagi bila kuombwa.

"Nadhani nilikaa," alisema. "Zamani."

Mama akachukua koti mikononi mwangu. Kinyozi ni mnene, mimi ni mwembamba. Limemkaa kama amepimwa.

Tangu hapo hakuna aliyeniangalia tena. Si kwa ubaya. Niliaga, wakaitikia kama unavyomwitikia mtu aliyeleta gesi. Getini Kinyozi alinisindikiza. Nilimnong'oneza akumbuke: mlango wa nyuma, stendi, adhuhuri. Akanipa funguo za duka lake. Akasema nimwangalizie, na nisiache mashine zipate unyevu.

Stendi nilimngoja. Nilimwomba dereva asubiri, akasubiri. Abiria wakaanza kuguna. Kila mtu aliyetokea kwenye kona nilidhani ni yeye. Yule mama wa mikate alipita mbele yangu na kapu lake. Nilimsalimu. Akaniuliza kama mimi ni mgeni huku, na kama ningependa kununua mkate.

Nilipanda basi.

Jumatatu, tarehe 17

Nyumbani. Mama Watoto aliniuliza swali moja: rafiki yako yuko wapi. Nikasema amepata shughuli. Akasema Kinyozi hana shughuli duniani zaidi ya vichwa vyetu. Nikasema ndiyo hiyo, vichwa, amepata vichwa huko. Akanitazama mpaka nikaenda kuoga.

Mchana nilipiga simu ya Kinyozi kutoka dukani, nyuma ya makopo ya rangi ya maji. Iliita sana. Akapokea Mama. Nilimsalimu kwa unyenyekevu, nikaomba kuzungumza na kinyozi.

"Hapa hakuna kinyozi," alisema. "Hapa yupo mwanangu."

Nyuma yake nilisikia watu wengi mezani, na katikati yao kicheko cha Kinyozi. Kicheko chake hasa, kile kinachoanza puani. Sijakisikia tangu mkewe afariki. Nikaomba huyo mwanawe basi. Simu ikahama mikono.

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

Sauti ni yake. Adabu haikuwa ile aliyozoea kunipa. Ilikuwa ile anayompa mteja mpya. Nilisema ni mimi. Akauliza mimi nani. Nikamtajia mtaa, duka, kiti chake chenye mpira uliochanika, Fundi Bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, huenda nimekosea namba, yeye hajawahi kutoka mji huo. Akanitakia kazi njema.

Neno la mwisho alilivuta.

Nilikaa juu ya kopo mpaka tajiri wangu akaja kuniuliza kama nimelipwa kukaa.

Jumatano, tarehe 19

Nilimweleza Mama Watoto ukweli, jana, wote. Akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, kwamba nimemwacha mtu mzima kama mwavuli kwenye basi, na kazi yangu sasa ni kurudi kumleta. Nimwendee nikiwa nimefunga mdomo, nisidai chochote juu ya mji ule wala mji wowote.

Ana haki. Nitakwenda. Nimeapa mbele yake: kutia chuku basi.

Leo asubuhi nimepita dukani kwa Kinyozi kukausha mashine tu, kama nilivyoagizwa. Nikafungua mlango hewa ipite. Vumbi limeanza. Nilikuwa nafuta kioo alipoingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, ana kikao na wakubwa saa nne, nywele zimemzidi. Nyuma yake Fundi Bomba, na bomba lake begani, amekuja kuchungulia.

Mwalimu akauliza kama Kinyozi yupo. Nikasema amesafiri. Akauliza kama kuna mwingine anayejua kazi. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Fundi Bomba akacheka kidogo, akasema muuza rangi atanyoa kwa brashi.

Nikamwambia mwalimu, kwa utulivu, kwamba nilipokuwa nje niliendesha saluni kubwa, nikinyoa mawakili na madaktari.

Amekaa. Nimemfunga shuka shingoni. Nimeandika haya kwa haraka, mashine ikipata moto. Fundi Bomba amevuta kiti. Ninaanzia nyuma au mbele?