Maji Moto ya Throto

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku njema sana. Nimegundua kwa nini Musyimi wa kwaya yetu hunipita mlimani!

Jana tulipokuwa tukienda mkutano wa kanisa huko Kikima, alinipita kwenye ile kona kali ya mlima wa Mbooni, mkono mmoja dirishani, akipunga kama mheshimiwa. Gari lake ni kuukuu kuliko langu. Na alikuwa amebeba sauti ya besi yote ya kwaya, watu wazito. Mimi mafuta nimekanyaga hadi chini, gari linaguna tu.

Leo nimetazama video kwenye simu. Mzungu makini, ana miwani. Anasema maji moto ya injini hupitishwa kwenye throto, ule mlango unaoingiza hewa ukikanyaga mafuta, ili usigande barafu. Barafu! Huku kwetu Kathonzweni! Hapa hata siagi ya kupaka mkate huyeyuka, hunywewa kwa kikombe. Kumbe miaka yote hii gari langu linapashiwa hewa moto bure, na hewa moto ni dhaifu. Baridi ndiyo ina nguvu. Dawa ni rahisi: chomoa mipira ya maji kwenye throto, iunganishe yenyewe kwa yenyewe, maji yapite kando.

Jumamosi Kathini anaolewa Kikima. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea kama wangu. Kamati ya harusi bado haijaamua atabebwa na gari gani, langu au la Musyimi. Na katibu wa kamati ni nani? Musyimi!

Jumanne, 12 Agosti

Kazi imekwisha. Nimefanya kisayansi. Asubuhi nilipima gari kabla, kutoka kwa posho mill hadi darajani. Mke wangu Kasyoka alikuwa ndani, na mama yake, na magunia ya ndengu ya kupeleka sokoni. Gari lilijikokota.

Halafu nikachomoa mipira. Kipande cha kuunganisha sikuwa nacho, lakini kwenye shamba la mboga kulikuwa na paipu nyeusi ya kunyunyizia, saizi ile ile kabisa. Mungu ni mwema. Nikakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Jioni nikapima tena, peke yangu. Aiya! Lilipaa! Kuku wa jirani waliponea chupuchupu.

Kasyoka akauliza kama nilikumbuka kwamba mara ya pili yeye, mama yake na ndengu hawakuwemo. Nikamwambia sayansi haijali mambo ya abiria. Akaenda kupika. Muthokoi yake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa tamu sana.

Jumatano, 13 Agosti

Kamati. Musyimi alisema mlima ule unahitaji gari la kuaminika. Akanitazama. Nikasimama, nikawaeleza kuhusu hewa baridi. Nilieleza vizuri. Wazee wawili walifumba macho, nadhani kwa kutafakari.

Musyimi akaanza kuandika jina lake, lakini Kathini akamkatiza. Akasema, "Mimi nitapanda gari la Baba mdogo. Ndilo lililonipeleka shule."

Nilitoka nje kidogo. Vumbi liliingia macho yote mawili.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilienda mjini Wote kununua maua ya boneti. Nikapita kwa Jabiri, fundi wangu, apate kujifunza. Jabiri huongea mpaka spana zinachoka. Aliinua boneti, akacheka, akaita majirani wacheke naye. Anasema hewa hupita pale mbio kuliko umbea, haina nafasi ya kupata moto, kwa hivyo faida yangu ni sifuri. Tena ile paipu ni ya sukuma wiki, si ya maji yanayochemka. Akataka kurudisha mipira kama ilivyokuwa.

Nikakataa kwa upole. Wivu wa kikazi ni ugonjwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia kwa nyumba ya wakwe wa Kathini. Nimeshiba, nimevaa shati la kuazima.

Tulianza vizuri. Kathini nyuma na gauni lake, limejaa mpaka kwenye vioo, Kasyoka kando yangu, Musyimi nyuma yetu na kwaya. Kutoka mjini Wote hadi chini ya mlima, raha tupu. Tukaanza kupanda. Mimi na mafuta, sakafuni! Kwenye kioo Musyimi alikuwa anazidi kuwa mdogo. Namwambia Kasyoka, ona! Kasyoka anasema Musyimi amesimama kushukisha mtu anayetapika.

Kwenye ile kona kali ikalia pwaa! Mvuke kila mahali. Paipu ilikuwa imelainika kama mandazi kwenye chai, ikachomoka. Maji yote ya rejeta barabarani. Nilifungua boneti, maji machafu yakanirukia, shati langu likamalizika.

Pasta alikuwa ametuonya kwamba ana mazishi baada ya harusi, hawezi kungoja. Kathini akashuka, akashika gauni lisiguse vumbi. Hakulia. Hapo ndipo moyo wangu uliuma, angelia ningejua la kusema.

Musyimi akafika. Akaangalia mvuke. "Nthiwa, hiyo chai umeweka maziwa?"

Kwaya ikacheka. Halafu yeye mwenyewe akawashusha besi wote, wapande kwa miguu, akapangusa kiti kwa leso yake. Kathini akaingia. Mimi nikabaki karibu na boneti. Akafungua mlango tena: "Baba mdogo, unataka nani anitoe? Rejeta? Ingia!"

Nikaingia. Gari la Musyimi ni zuri, lazima niseme. Lilipanda kimya. Nilimpeleka mtoto wangu hadi mbele, nikiwa na shati la besi mmoja, na pasta alikuwa bado amesimama pale. Musyimi aliimba kwa sauti kupita kiasi, lakini nikamsamehe.

Jumatatu, 18 Agosti

Nyumbani, salama. Jabiri alipanda jana na bodaboda hadi pale gari lilipokwama, akaleta mipira halali, akarudisha maji moto kwenye throto kama zamani. Aliongea wakati wote.

Sasa, jambo la ajabu. Leo tukitoka Kikima gari lilikimbia! Kugusa mafuta tu, fyuu! Kona zote, hata breki zilinuka. Tangu nilinunue halijawahi kukimbia hivyo. Kasyoka anasema tulikuwa tunateremka. Kasyoka ni mke mwema, lakini injini si fani yake.

Mimi nimeelewa. Yule mzungu alisema kinyume! Hewa moto ndiyo yenye nguvu. Kwani ni nini kinachorusha kifuniko cha sufuria?

Nimelaza mpira mmoja wa maji juu ya ekzosi, lile bomba la moshi, maji yachemke zaidi na hewa ipate moto barabara kabla ya kuingia. Umekaa vizuri. Unanuka kidogo.