Kufutwa kwa Dada Yangu Kwenye Pakiti ya Korosho

Mtawanya, Mtwara.

Kwa mpwa wangu Faraji, mchora nembo, Dar es Salaam,

Natumaini u mzima na kompyuta yako haijambo. Sisi huku tulikuwa wazima mpaka pakiti zako za mfano zilipofika.

Nakuandikia nikiwa katibu wa kikundi cha akina mama wabangua korosho, na pia nikiwa mjomba wako, cheo ambacho kwa mila yetu ndicho kikubwa zaidi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umemfuta mama yako. Nembo yetu ya zamani, kazi ya fundi Alberto anayeandika mabango sokoni, ilikuwa na sura ya dada yangu Asha, mwenyekiti wetu, akitabasamu ndani ya ushungi wa kijani. Wewe umeleta mkunjo mmoja wa korosho, basi. Mwanamke aliyekusomesha kwa kubangua umemwondoa kwa kidole kimoja! Tangu Jumatatu anaigeuza ile pakiti mbele na nyuma, hasemi neno. Inaniuma, Faraji.

2. Unasema nembo nzuri lazima itambulike hata ikiwa ndogo kama kifungo. Sisi hatuuzi vifungo.

3. Unasema nafasi tupu inapumzisha macho. Macho ya wateja wetu yamefanya kazi gani hata yapumzishwe? Fundi Alberto hakuacha nafasi hata ya inzi kutua. Walikuwamo akina mama wote, kikaango, mkorosho, jua, namba ya simu ya kikundi, na namba ya mume wa mweka hazina endapo ya kwanza imezimwa. Mtu akinunua pakiti alikuwa na cha kusoma mpaka korosho ziishe.

4. Rangi moja! Zamani zilikuwa saba, kwa sababu fundi alikuwa na makopo saba. Unasema siku hizi kampuni kubwa zote zinapunguza. Hizo zina vya kupunguza. Sisi ndio kwanza tumeanza kuwa navyo.

5. Mzee Ismaili, jirani yetu, aliiona pakiti dukani kwa mbali, akaenda nyumbani kutangaza kwamba mwezi umeandama. Mkewe akaamka kupika daku, na nyumba nzima ikafunga peke yake mpaka adhuhuri. Swaumu hiyo nani ataijibia?

Kwa hiyo naagiza, kwa upole, kabla pakiti hazijachapwa kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane: mrudishe mama yako, tena katikati. Warudishe wenzake, wapangwe kwa umri ili pasiwe na maneno. Mwongeze mtafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele aliyetupa miche, maana atajisikia vibaya. Ongeza na mitambo ya Madimba, kwa kuwa gesi inakuja huko kwenu kwa bomba na hakuna anayetusalimia. Pembeni niweke mimi, nimevaa kofia, nasimamia. Nafasi isipotosha, usipunguze watu. Kuza pakiti.

Ukikataa, nitaitisha kikao cha ukoo.

Nisalimie mkeo Elsa, wakwe zako wote, majirani, na mwalimu aliyekufundisha kufuta.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukukaripia,

Zuberi, Katibu.

Nyongeza: Nimemsomea mama yako barua hii kabla ya kuituma, nikitegemea shukrani. Amecheka mpaka machozi yamemtoka. Anasema ile sura ya zamani haikuwa yake hata siku moja. Fundi Alberto hakumkuta nyumbani, akanichora mimi, akanivisha ushungi. Watu sokoni wamekuwa wakimwuliza kwa nini kwenye nembo ana masharubu. Lakini mkunjo wako aliujua mara tu alipouona. Anasema ni mgongo wake, ameinama anabangua, kama ulivyokuwa ukimkuta kila ukitoka shule. Ndiyo maana alikuwa kimya. Pakiti ameibandika ukutani, juu ya kitanda chake. Usiguse kitu.