Supu ya Kumhamisha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kukunja vidole.
Mama mkwe alikuja kwa siku tatu. Hii ni wiki ya tatu. Yeye yuko kitandani kwangu. Mimi niko kwenye kochi, springi inanidunga mbavu. Mume wangu yuko chini kwenye godoro, anakoroma kama mtu asiye na shida. Hana. Mgeni ni mama yake.
Wifi yangu anakaa mtaa wa pili, ana chumba cha wageni. Lakini ni ghorofa ya nne, na mama ana kifua. Wifi husikitika sana kuhusu ngazi zile.
Kumfukuza mkwe siwezi, nimelelewa. Kumpikia naweza. Mpango: supu ya tambi za Kichina kila jioni mpaka azikumbuke ngazi kwa hamu.

Jumanne, 5 Machi. Jua la kinafiki.
Uyoga mkavu, sosi ya soya, kabichi na karoti mbichimbichi. Mezani nikaweka vijiti tu. Nikaeleza kwa huzuni kwamba chakula hiki hakiliwi kwa kijiko.
Mume alinyanyua tambi, zikamwangukia shatini. Mama akamaliza bakuli zima bila kudondosha tone. Nilisahau kwamba amefuma masweta maisha yake yote. Vijiti viwili na uzi mrefu! Akaniambia, "Mkwe wangu, mkono wako mzito. Lete nikuonyeshe." Nikafundishwa kula nyumbani kwangu.

Alhamisi, 7 Machi. Mawingu.
Jana nilitia tangawizi ya kuua farasi, na pilipili. Mume alikimbilia bombani. Mama alilia machozi, akapenga kamasi, akaomba nyongeza. Leo anasema kifua kimefunguka. Jumamosi anahamia kwa binti yake, ngazi ataziweza.
Mimi ni fundi. Nimesikitika mbele yake kadiri nilivyoweza.

Jumamosi, 9 Machi. Anga safi, kama dhamiri yangu.
Wifi alikuja kumchukua mama, uso kama wa mtu aliyeitwa kituoni. Mama akaisifu supu yangu. Wifi akasema tambi ni tambi tu, hata yeye hupika, tena zake zinateleza. Akaingia jikoni kwangu. Alichemsha kila kitu sufuria moja, akafunika, akaja kupiga soga. Alipofunua, tambi zilikuwa zimekunywa supu yote na mwiko umesimama wenyewe. Mama akasema taratibu kwamba inafaa kubandikia matangazo.
Mkoba wa mama ulikuwa mlangoni, umefungwa. Mwenye akili angefungua mlango. Mimi nikafunga aproni. Tambi nilizichemsha kando, nikazisuuza kwa maji baridi. Mchuzi peke yake. Mboga zikaonja moto tu. Vitunguu majani juu. Wifi alikula kimya, na kimya chake kilikuwa kitamu kuliko supu.
Mama alinywa mchuzi hadi tone la mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa sindano zake na uzi.
"Nipande ghorofa nne kwenda kula gundi? Nitakaa hapa hapa."
Wifi akasema, "Usijilazimishe, mama," akaondoka akipiga mluzi. Aibu ina namna nyingi za kumtoka mtu.
Lakini nimemshinda, na mbele ya mama yake. Wiki ijayo namwalika tena, nipike yenye mayai. Akome.
Usingizi: saa saba kasoro robo usiku, bado haujaja. Springi imehamia begani.